Ubishi wa Biblia Mwanza: Kila Mmoja Anamjibu Mtu Ambaye Hayupo

Ubishi wa Biblia haukosi wasikilizaji hapa Mwanza. Iwe Makoroboi kwenye benchi la kahawa, Igoma kwa mafundi pikipiki, au Mwaloni Kirumba magunia ya dagaa yakisubiri gari, akitokea mmoja akasema "imeandikwa" na mwingine akauliza "imeandikwa na nani?", kazi inasimama. Ukali wake haunishangazi, maana watu wa huku wanaweza kufokeana kwa nusu saa na bado wakalipiana kahawa. Kinachonishangaza ni kwamba mara nyingi wabishi wenyewe hawabishanii jambo moja. Mkristo anatoa majibu aliyoandaliwa kumjibu Mwislamu, wakati aliye mbele yake ni kijana asiyeamini kwamba Mungu yupo. Kijana naye anaushambulia Ukristo wa Marekani, wakati aliye mbele yake ni Mkatoliki wa Nyakahoja ambaye hajawahi kufundishwa mambo hayo.

Tuanze na Mkristo. Katika nchi yetu, shule kubwa ya kuitetea Biblia ilikuwa mihadhara. Kuanzia miaka ya 1980 wahubiri wa Kiislamu walisimama viwanjani wakiwa na Biblia mkononi, wakitaja sura na aya bila kubabaika, na Wakristo wakalazimika kujifunza kujibu. Mhadhara una msingi wake ambao hautajwi kwa kuwa hakuna anayeubishia: Mungu yupo, ametuma mitume, na husema na wanadamu kupitia vitabu. Mwislamu anaamini kwamba Taurati, Zaburi na Injili ziliteremshwa na Mwenyezi Mungu. Anachokataa ni kwamba zilizopo leo ndizo zilezile. Kwa hiyo mzozo wao mkubwa ni huu: je, maandishi yametufikia salama?

Kwa swali hilo Mkristo ana cha kusema. Mwaka 1947 magombo ya kale yalianza kupatikana katika mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, na miongoni mwake lilikuwamo gombo la Isaya lililozizidi umri kwa takriban miaka 1,000 nakala za Kiebrania ambazo wafasiri walikuwa wakizitegemea. Ukiyalinganisha maandishi hayo unakuta tofauti nyingi za tahajia na maneno ya hapa na pale, lakini kitabu ni kilekile. Upande wa Agano Jipya, nakala za mkono za Kigiriki zinazojulikana, nzima na vipande, zinapita 5,000. (Kwamba nyingi kati ya hizo ni za karne ya 9 na kuendelea ni jambo ambalo wahubiri hulipita kwa mwendo wa kasi.)

Sasa mpe kijana asiyeamini hoja hiyo. Atakukubalia, na hutakuwa umesogea hata hatua moja. Nakala ya barua ya mauziano ya kiwanja cha Buswelu inaweza kulingana na ile ya awali herufi kwa herufi, mhuri wa mwenyekiti wa mtaa ukisomeka vizuri, na bado aliyeuza akawa hakuwa na kiwanja. Uaminifu wa nakala unathibitisha kilichoandikwa tu. Mwislamu alikuwa anauliza kuhusu nakala. Kijana anauliza kuhusu mwenye kiwanja.

Kijana naye ana tatizo lake. Hoja nyingi amezipata kwenye simu, kwa Kiingereza, kutoka kwa watu waliokulia katika makanisa ya Kiprotestanti ya Marekani na kuyaasi. Makanisa hayo yana msimamo unaojulikana: Biblia haina kosa katika lolote inalolisema, iwe imani, historia au uumbaji wa dunia. Mwaka 1978 wanateolojia wa mrengo huo walikutana Chicago wakauweka kwenye tamko rasmi. Msimamo wa namna hiyo upo Mwanza, tena kwa wingi, hasa kwa Wapentekoste na kwa makanisa yaliyozaliwa na misheni za Kiinjili kama AIC (Africa Inland Church). Ila si wa Wakristo wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika hati yake ya Novemba 1965 kuhusu ufunuo, ulisema kwamba Maandiko yanafundisha bila kosa ukweli ule ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Wataalamu wa Kikatoliki bado wanavutana juu ya upana wa maneno hayo, lakini padri aliyesoma seminari hatatetemeka ukimwambia kwamba katika Mwanzo nuru inaumbwa kabla ya jua. Kanisa lake lilishaungua vidole mwaka 1633 kwa Galileo, mwanasayansi aliyesema dunia inalizunguka jua, na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kwamba wanateolojia waliomhukumu walikosea. Hata Wasabato, ambao huku kanda ya ziwa ni wengi na wanasifika kwa kuyajua mafungu, walirithi kwa Ellen White, mmoja wa waanzilishi wao, fundisho kwamba waliovuviwa na Mungu ni watu, si kwamba kila neno liliamriwa kutoka mbinguni.

Niliwahi kuona haya yote yakigongana kwenye benchi moja pale Mwaloni. Kijana wa chuo aliyekuwa likizo, akimsaidia mjomba wake kuhesabu magunia, alimgeukia mzee mmoja wa AIC.

"Shikamoo mzee. Naomba kuuliza. Mfalme Yehoramu alianza kutawala akiwa na miaka thelathini na miwili, akatawala minane, akafa. Amekufa na mingapi?"

"Marahaba. Arobaini."

"Mwanawe Ahazia akarithi palepale. Mambo ya Nyakati cha pili, ishirini na mbili, mstari wa pili: alikuwa na miaka arobaini na miwili. Mtoto kamzidi baba!"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka, wala hakukasirika. Alitoa Biblia yake ya jalada jeusi, kona zimelainika kama kitambaa, akatafuta 2 Wafalme 8:26, akamkabidhi. "Soma mwenyewe, mwanangu." Pale ni miaka ishirini na miwili. "Aliyenakili alikosea tarakimu. Maandiko ya awali hayakuwa na kosa."

"Hayo ya awali yako wapi, mzee?"

"Hayapo."

"Kwa hiyo unatetea kitabu ambacho hakuna aliyekiona."

Muuza kahawa, Mwislamu, akaweka birika chini. "Si ndiyo tunayosema siku zote? Mikono ya watu hiyo." Na fundi wa injini za boti, Mkatoliki, ambaye muda wote alikuwa ameinamia plagi anaisugua na msasa, akasema bila kuinua kichwa: "Kwani umri wa Ahazia ndio utanipeleka mbinguni?"

Tarakimu moja, watu wanne, na hakuna aliyekuwa anamjibu mwenzake. Kwa muuza kahawa, kosa la mnakili ndilo shtaka lenyewe. Kwa mzee, kosa hilohilo ndilo utetezi: likiwa la mnakili, basi si la Mungu. Fundi haoni kesi. Kijana anadhani amewashinda wote watatu.

Mzee hakuwa anakwepa. Tamko la Chicago lenyewe linasema kutokuwa na kosa ni kwa maandiko ya awali, na makosa ya wanakili yanaweza kutambuliwa kwa kulinganisha nakala. Ndiyo maana matoleo kadhaa ya sasa huandika 22 hapo, ingawa Kiebrania kilichopokelewa kina 42. Lakini kijana naye aligusa penyewe. Dai ambalo kila ushahidi dhidi yake unahesabiwa kuwa ni wa mnakili haliwezi kupimwa na mtu wa nje. Linaweza kuaminiwa na mtu ambaye tayari ana sababu nyingine ya kuamini, ila haliwezi kuwa sababu ya kwanza. Kifo cha Yuda kiko hivyohivyo: Mathayo 27 anasema alijinyonga na makuhani ndio walionunua shamba, Matendo 1 inasema Yuda mwenyewe alinunua konde, akaanguka, akapasuka. Anayeamini ataziunganisha: alijinyonga, kamba ikakatika, na makuhani walinunua kwa pesa yake. Haiwi muhali. Ila ukimuuliza kwa nini aziunganishe badala ya kusema kulikuwa na simulizi mbili, atakurudisha kwenye imani aliyokuja nayo.

Imani hiyo basi inasimama juu ya nini? Hapa wengi huchomoa 2 Timotheo 3:16, "Kila andiko, lenye pumzi ya Mungu". Kwa Mkristo mwenzako aya hiyo inatosha. Kwa asiyeamini ni shahidi anayejitolea ushahidi mwenyewe, na kusema kweli hata ndani ya imani haifanyi kazi yote inayotwishwa. Maandiko ambayo Timotheo aliyajua tangu utoto yalikuwa ya Kiyahudi. Agano Jipya lilikuwa halijakusanywa. Orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu 27 vilevile vya leo ni ya barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, mwaka 367.

Na Agano la Kale ndilo gumu zaidi, jambo ambalo sisi wa kando ya ziwa tulipaswa kulijua kuliko wengine. Wamisionari Waanglikana wa CMS walifika Kageye, mashariki ya Mwanza ya leo, mwaka 1877, wakielekea Uganda. Mwishoni mwa 1878 White Fathers, wamisionari Wakatoliki, wakashukia hapohapo. Waliokuja kwanza walifuata Biblia ya vitabu 66. Waliowafuata walikuwa na 73, wakihesabu Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo wawili. Luther, aliyeanzisha Uprotestanti, alikuwa ameviweka vitabu hivyo kando katika Biblia yake ya 1534, na Mtaguso wa Trento ukavithibitisha kuwa Maandiko mwaka 1546. Kwa hiyo Msukuma wa kwanza aliyeambiwa "amini Biblia" alilazimika kwanza kumwamini mtu wa kumwambia ipi, na mpaka leo aliyebatizwa Bukumbi kwa Wakatoliki na aliyebatizwa Nasa kwa Waprotestanti hawana kitabu kimoja.

Wakristo wenye kufikiri waliliona hili zamani. Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, mwishoni mwa karne ya 4, aliandika kwamba asingeiamini Injili kama mamlaka ya Kanisa Katoliki yasingemsukuma. Calvin, mwanateolojia wa Kiprotestanti wa karne ya 16, alikataa kuitegemeza Biblia juu ya Kanisa. Kwake, Roho Mtakatifu ndiye anayemshuhudia msomaji moyoni kwamba hili ni neno la Mungu, na hakuna ithibati ya nje inayozidi hiyo. Haya mawili ndiyo majibu yenyewe, na asiyeamini anapaswa kuyajibu haya badala ya kushinda na Ahazia. Anaweza. Kwa Augustino atauliza: na Kanisa tunalipima kwa nini? Kwa Calvin atasema kwamba Mwislamu aliyelia akisikiliza Kurani naye ana ushuhuda wa moyoni, na mioyo miwili haiwezi kuamuliwa kwa moyo wa tatu.

Mkristo naye ana pigo la kurudisha: wewe unayetegemea akili, umeipima akili kwa kutumia nini, kama si akili hiyohiyo? Pigo hili linapendwa sana, na mimi naliona halina nguvu inayodhaniwa. Akili, macho na ushahidi tunavitumia sote. Mzee wa AIC anaponunua dagaa anaangalia kama wamekauka, haombi ufunuo. Anayeongeza chanzo kingine juu ya vile tunavyoshirikiana ndiye mwenye kazi ya kukieleza. Lakini kuna mahali ambapo swali linambana kijana kwelikweli, nalo ni wajibu. Akisema "ni vibaya kuua mtu asiye na hatia", akili yake itamwonyesha matokeo ya kuua, ila neno "vibaya" amelitoa wapi? Hana jibu la haraka, na anajua.

Bahati mbaya, mfano mkali wa jambo hilo hatuhitaji kuuagiza kutoka mbali. Usukumani wanawake wazee wamekatwa mapanga kwa miongo mingi wakituhumiwa uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa maisha mazima. Na Kutoka 22:18 inasema: "Usimwache mwanamke mchawi kuishi." Lazima niseme waziwazi kwamba wauaji hao hawakutoka kusoma Kutoka. Imani hiyo ni ya kale kuliko misheni, mara nyingi nyuma yake kuna mganga mpiga ramli au ndugu anayetaka shamba, na makanisa yamelaani mauaji haya mara nyingi. Lakini asiyeamini anauliza swali halali: kama kila andiko lina mamlaka, kwa nini mchungaji halitii hili? Anashukuru kwamba halitii. Anataka kujua sababu.

Jibu la kawaida ni kwamba sheria ya Musa ina sehemu tatu: ya maadili, ya ibada, na ya hukumu za taifa la Israeli. Za hukumu zilikwisha na taifa lile. Thomas Akwino, mwanateolojia Mkatoliki, aliigawa hivyo katika karne ya 13, na Waprotestanti wakaipokea. Ni mgawanyo wenye busara, ila ukiutafuta ndani ya Kutoka huupati. Amri za aina zote tatu zimechanganyika, wakati mwingine katika sura moja. Mchungaji atajibu kwamba Agano Jipya lenyewe linatufundisha kusoma hivyo: Matendo 15, mitume walipokataa kuwatwisha mataifa tohara; na zaidi ya yote Yohana 8, yule mwanamke aliyefumaniwa, sheria inataka apigwe mawe, na Yesu anasema asiye na dhambi awe wa kwanza kutupa jiwe.

Na hapo ubishi unafanya jambo ambalo sijaona mhubiri akilieleza hadharani. Kisa cha mwanamke huyo hakimo katika nakala kongwe kabisa za Injili ya Yohana. Hakimo katika kodeksi (kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono) ya Sinai wala ya Vatikano, zote za karne ya 4. Matoleo mengi ya sasa hukiweka kwenye mabano au kukitilia maelezo. Yaani aya ambayo Mkristo anaikimbilia kuonyesha kwamba rehema inaipita hukumu ya mawe ni miongoni mwa zile ambazo Mwislamu wa mhadhara anaweza kusema ziliongezwa, akiwa na hoja nzuri. Wasomi wengi Wakristo wanakubali kwamba haikuwa sehemu ya Injili ile ilipoandikwa. Baadhi yao wanadhani kisa ni cha kweli kilichohifadhiwa kwa mdomo. Wakatoliki wanakisoma kwenye Misa bila shida, kwa sababu kwao Kanisa ndilo linalosema kipi ni Maandiko. Mprotestanti anayesimama juu ya maandiko ya awali peke yake ndiye mwenye kibarua.

Suala la utumwa nitalipita haraka, kwa kuwa limeandikwa sana. Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walijitenga na wenzao mwaka 1845 kwa kutetea wenye watumwa, aya mkononi, na wakaomba radhi 1995. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa White Fathers haohao wa Bukumbi, alizunguka Ulaya mwaka 1888 akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, naye akisimamia imani ya kitabu hichohicho. Kijana atasema maadili basi yalitoka nje ya kitabu. Mkristo atasema kitabu ndicho kilichopanda mbegu iliyokuja kuung'oa utumwa. Historia inampa kila mmoja mashahidi.

Kama ningeambiwa nichague mahali pa kuanzia, ningewatoa kote huko niwapeleke 1 Wakorintho 15. Paulo aliandika barua ile katikati ya miaka ya 50, karibu robo karne tu baada ya kusulubiwa, na mwenyewe ameweka dau mezani: "kama Kristo hakufufuka, basi kuhubiri kwetu ni bure". Anataja waliomwona, pamoja na ndugu zaidi ya 500 kwa mara moja, wengi wakiwa bado hai. Hapa Mkristo halazimiki kudai kwamba Biblia haina kosa. Anaweza kuisoma barua kama hati yoyote ya kale, na asiyeamini anaweza kuisoma vivyo hivyo. Kijana atakuja na David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, aliyeandika mwaka 1748 kwamba ushuhuda hautoshi kuthibitisha muujiza isipokuwa kama uongo wa ushuhuda huo ungekuwa muujiza mkubwa zaidi. Na atakumbusha kwamba wale 500 hatuna neno hata moja kutoka kwao, tuna neno la Paulo juu yao. Mkristo atasema hesabu ya Hume inategemea kama Mungu yupo au hayupo, na ni kweli. Muuza kahawa hana shida na miujiza hata kidogo. Anaamini Isa alizaliwa na bikira. Yeye ataleta Kurani 4:157, kwamba hawakumuua wala hawakumsulubu. Angalau hapo wote watatu wanazungumzia jambo moja.

Njia hiyo inakwenda kutoka kwa Yesu hadi kitabu: kama alifufuka, basi alichosema juu ya Maandiko kina uzito, na katika Yohana 10:35 alisema hayawezi kutanguka. Ila aliyepita njia hiyo hadi mwisho atakuta Maandiko ambayo Yesu aliyathibitisha ni yale yaliyokuwapo wakati wake, ya Kiyahudi. Vitabu 27 vilivyokuja baadaye, na vile saba ambavyo Nasa hawasomi na Bukumbi wanasoma, bado vinasubiri mtu wa kusema ni nani aliyevipokea, na kwa idhini ya nani.